Mkaa unavyofilisi kaya za mjini Tabora kimyakimya

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KWA familia nyingi za Isevya, Ng'ambo na Kanyenye, shilingi ya kwanza inayotoka nyumbani kila siku ni ya mkaa. Hutoka kabla ya nauli, kabla ya sukari na mara nyingine kabla ya unga. Ni fedha ndogo inayotoka mkononi bila kuandikwa popote, na ndiyo sababu ni wachache wanaoweza kusema kwa uhakika mkaa umewagharimu kiasi gani kwa mwezi au kwa mwaka.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika suala la moto wa jikoni, haba na haba hiyo hiyo ndiyo inayokiondoa kibaba nyumbani.

Suala hili sasa limevuka mipaka ya jikoni. Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kuona asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku sita baadaye alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa mjini Paris, Ufaransa, uliojadili jambo hilo hilo kwa Afrika, na uliomalizika kwa ahadi za Dola za Marekani bilioni 2.2.

Malengo ya taifa na ahadi za Paris ni mambo makubwa. Swali la mama au baba wa nyumba mjini Tabora ni dogo zaidi, lakini ndilo litakaloamua kama malengo hayo yatafikiwa: je, kuacha mkaa kutapunguza matumizi ya nyumba, au kutayaongeza?

Jibu la kweli ni kwamba inategemea. Inategemea aina ya jiko, aina ya mita ya umeme, chakula kinachopikwa, na kama aliyekusudia kubadili anaishi katika nyumba yake au amepanga chumba. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa makosa katika uchaguzi huo yanaweza kumrudisha mtu kwenye mkaa akiwa maskini kuliko alivyouacha.

Mji uliozaliwa katikati ya miti

Si ajabu kwamba mkaa umeshika mizizi Tabora. Mji huu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliufahamu kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na ile iliyogeukia kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Burton na Speke waliingia hapa Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, na tembe lililowahifadhi limekuwa makumbusho.

Mji wa misafara ulikuwa mji wa kulisha watu. Mamia ya wapagazi waliotua mizigo yao walihitaji ugali, maharage na moto. Moto ulipatikana bila shida, kwa kuwa Unyamwezi wote umezungukwa na misitu ya miombo: mitundu, miyombo na mininga. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, mji ulikua, lakini jiko halikubadilika sana. Miti ilikuwa karibu na ilionekana kama isiyokwisha.

Hali hiyo haipo tena. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban milioni 2.29 katika Mkoa wa Tabora. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3.3. Katika miaka 10, watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika mkoa ambao msitu wake pia unahudumia mabani ya kukaushia tumbaku ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, ufugaji wa nyuki, mbao na kilimo.

Kwa taifa zima, takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba takriban hekta 469,420 za misitu hupotea kila mwaka. Kilimo cha kuhamahama na upanuzi wa mashamba vina sehemu kubwa katika hasara hiyo, hivyo si haki kuutwisha mkaa lawama zote. Lakini tanuri la mkaa lina upotevu wake wa pekee. Katika tanuri la kawaida la kufukia kwa udongo, kilo 100 za mti hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea kama moshi porini, kabla gunia halijapakiwa kwenye baiskeli.

Kwa hesabu hiyo, kaya inayochoma kilo 2 za mkaa kwa siku inachoma kilo 60 kwa mwezi, na nyuma ya kilo hizo 60 kuna miti yenye uzito wa takriban kilo 400. Msitu unavyosogea mbali na mji, ndivyo gharama ya usafiri inavyoongezeka. Mlipaji wa mwisho ni yule anayenunua kwa kopo.

Maskini hununua kwa bei ya juu

Hapo ndipo penye dhuluma ya kwanza ya biashara hii, ingawa haina mdhulumu mmoja wa kunyooshewa kidole. Mwenye fedha hununua gunia zima moja kwa moja kwa mchukuzi. Mwenye kipato cha siku kwa siku hununua kopo kwa muuzaji wa mtaani, ambaye naye lazima apate faida, afidie vumbi lililobaki chini ya gunia na alipie eneo lake. Kilo kwa kilo, mnunuzi wa kopo hulipa zaidi kuliko mnunuzi wa gunia.

Aidha, kopo halipimwi kwa mizani. Mkaa mwepesi wa mti laini hujaza kopo sawasawa na mkaa mzito wa mtundu, lakini huisha upesi. Masika yanapoingia, mkaa uliolowa huuzwa kwa bei ya mkaa mkavu, na mnunuzi hulipia maji.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza kwa kaya inayotaka kubana matumizi haihitaji kununua kitu chochote. Ni kupima. Kopo moja lipelekwe kwenye mizani ya duka la jirani, ijulikane lina kilo ngapi, kisha bei ya kopo igawanywe kwa kilo hizo. Bila namba hiyo moja, mazungumzo yote kuhusu gesi na umeme ni ya kubahatisha.

Hesabu ya ndoo ya maji

Njia rahisi ya kulinganisha nishati ni kuzipa zote kazi moja. Tuchukue lita 10 za maji yenye ubaridi wa nyuzi 20, kama yalivyo asubuhi za Juni na Julai mjini Tabora, na kuyachemsha hadi nyuzi 100. Fizikia ya sekondari inasema kazi hiyo inahitaji nishati inayokaribia uniti moja ya umeme.

Jiko la mkaa la bati la kawaida hupeleka kwenye sufuria takriban asilimia 15 ya nishati iliyomo kwenye mkaa. Kilichobaki huishia kwenye bati, kwenye hewa na kwenye majivu. Jiko hilo litahitaji karibu robo tatu ya kilo ya mkaa kuchemsha maji hayo. Jiko lililoboreshwa lenye kikombe cha udongo, ambalo hupeleka takriban asilimia 30, litahitaji nusu ya mkaa huo. Jiko la gesi litahitaji gramu 130 hivi za gesi. Birika la umeme au hita litatumia takriban uniti moja.

Kutokana na hesabu hiyo, kilo moja ya gesi hufanya kazi inayokaribia ile ya kilo 6 za mkaa katika jiko la kawaida. Mtungi mdogo wa kilo 6 ni sawa na takriban kilo 35 za mkaa zinazochomwa kwenye bati, au kilo 17 hivi katika jiko lililoboreshwa. Anayejua bei ya kujaza mtungi mtaani kwake na bei ya kilo ya mkaa anaweza kumaliza hesabu mwenyewe kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Kwa upande wa umeme, bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 ziliwaweka wateja wadogo wa majumbani katika kundi la D1, ambalo hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Wateja wa kundi la T1 waliwekewa shilingi 292 kwa uniti. Ikijumlishwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, uniti ya D1 inafika shilingi 122, ile inayozidi 75 inafika shilingi 427, na ya T1 shilingi 356. Hapo haijahesabiwa kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU.

Kwa bei hizo, mteja wa T1 atachemsha lita 10 kwa shilingi zisizofika 370. Mkaa katika jiko la bati utashindana na umeme huo endapo tu kilo moja itauzwa chini ya shilingi 480 hivi. Kwa mteja wa D1 ambaye hajamaliza uniti zake 75, mkaa utalazimika kuuzwa chini ya shilingi 170 kwa kilo. Msomaji aliyepima kopo lake anajua tayari yuko upande gani wa mstari huo.

Umeme mmoja, majiko mawili tofauti

Wengi mjini husema umeme ni ghali kwa kupikia. Hawasemi uongo. Wanazungumzia jiko la koili, ambalo ndilo walilowahi kulitumia au kuliona likimaliza LUKU ya jirani.

Jiko la koili la wati 2,000 likiwaka kwa nguvu yote saa 2 kwa siku hutumia uniti 4, yaani uniti 120 kwa mwezi. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 35 kwa taa, televisheni, simu na feni itajikuta ikitumia 155. Uniti 75 za kwanza zitaigharimu shilingi 9,150 na zile 80 zinazozidi zitaigharimu shilingi 34,160. Jumla ni shilingi 43,310. Zaidi ya hapo, mteja anayezidisha uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa T1, ambako uniti hizo hizo 155 zitamgharimu shilingi 55,180.

Jiko la presha la umeme ni habari nyingine. Chombo hicho kimefunikwa kisipoteze joto, hupika kwa mvuke uliobanwa, na hujizima chenyewe joto linapotosha. Lenye wati 1,000, hata likiwaka saa nzima bila kujizima, haliwezi kutumia zaidi ya uniti moja. Kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo. Maharage au makande, ambayo juu ya mkaa huchukua saa 2 au 3, huiva ndani ya muda huo.

Kaya ile ile ikipika maharage kila siku kwa jiko hilo, itaongeza uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Jumla yake itakuwa 65, bado chini ya mstari wa 75, na malipo yake yote ya umeme hayatazidi shilingi 7,930. Tofauti kati ya shilingi 7,930 na 43,310 imetokana na chombo kilichochaguliwa, kwani umeme ni ule ule na nyumba ni ile ile. Kweli, jiko la presha halitafanya kila kazi ya jiko la koili. Chapati, ugali na samaki wa kukaanga bado vinahitaji moto wa wazi. Lakini vyakula vinavyokula mkaa kuliko vyote ndivyo vile vinavyochemka muda mrefu, na hivyo ndivyo jiko la presha linavyovimudu.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa mji ambao chakula chake cha kila siku ni maharage, makande, mchele na nyama ya kuchemsha. Kaya haihitaji kuacha mkaa siku moja. Ikihamisha maharage na maji ya kuoga pekee, itakuwa imeondoa sehemu kubwa ya gunia.

Vikwazo ambavyo hesabu haivioni

Kama mambo ni mepesi kiasi hicho, kwa nini moshi bado unafuka kila jioni kutoka Kitete hadi Cheyo?

Sababu ya kwanza ni fedha ya kuanzia. Mkaa haudai kianzio. Mtu mwenye shilingi chache mkononi anaweza kupika leo. Mtungi wa gesi na jiko la presha hudai fedha ya mkupuo, na kipato cha mwendesha bodaboda au mama lishe hakiji kwa mkupuo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Huo ni mwanzo mzuri. Hata hivyo, mtungi wa ruzuku husaidia mara moja tu. Gesi inapokwisha, kujaza ni kwa fedha kamili. Mtungi mtupu uliogeuzwa kigoda hauhesabiki kama nishati safi, hata kama umo katika takwimu.

Sababu ya pili ni umbali. Wapo wanaodhani gesi ya mtungi inatoka Mtwara au Songo Songo na hivyo inapaswa kuwa rahisi. Gesi asilia ya huko huzalisha umeme na kuendesha viwanda. Gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje ya nchi na kushushwa bandarini, kisha husafirishwa kwa malori hadi bara. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni takriban kilomita 840, na kila kilomita ina bei yake. Hata bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo limepita katika Mkoa wa Tabora, halibebi kitu kinachoweza kuwashwa jikoni. Kwa maana hiyo, njia ya kale ya misafara bado inaamua bei: bidhaa ya pwani hupanda bei inapofika Unyanyembe.

Umeme hauna tatizo hilo. Uniti ya Tabora ina bei sawa na ya Dar es Salaam. Hiyo ndiyo faida ambayo miji ya magharibi haijaitumia ipasavyo. Kigoma, iliyotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yake yote 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Mgawo ulioitesa nchi mwishoni mwa mwaka 2023 ulipungua baada ya hapo. Uzalishaji umeongezeka, kinachobaki kuwaudhi wananchi ni kukatika kwa umeme kunakotokana na uchakavu wa njia za usambazaji. Hakuna atakayeuza jiko lake la mkaa huku akijua umeme unaweza kukatika sufuria ikiwa haijachemka.

Sababu ya tatu, ambayo haizungumzwi sana kwenye majukwaa, ni mita ya pamoja. Katika nyumba nyingi za kupanga, vyumba vitano au sita hutumia mita moja. Matumizi ya nyumba nzima huvuka uniti 75 kirahisi, na wapangaji wote, hata bibi mwenye taa moja, hulipa bei ya T1. Kila mmoja humshuku mwenzake. Mwenye nyumba, kwa kutaka amani, hupiga marufuku majiko ya umeme, pasi na hita. Hivyo unafuu uliowekwa kwa ajili ya wanyonge unawapita wanyonge wanaoishi wengi chini ya paa moja, huku mwenye mita yake mwenyewe akiufaidi.

Hapa TANESCO na EWURA wana kazi ambayo haihitaji ufadhili wa Paris. Mita ndogo kwa kila mpangaji, kwa masharti mepesi, ingefungua mlango kwa maelfu ya kaya kuliko kampeni yoyote ya mabango.

Majirani wamepita huku

Tanzania si ya kwanza kujaribu kuubana mkaa. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wake. Bei ilipanda, wananchi walilalamika, na ndani ya wiki chache amri ililegezwa. Kenya ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023. Mkaa ulipanda bei, lakini haukutoweka sokoni. Nchi hiyo hiyo ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2021, ikaipunguza mwaka 2022 na kuiondoa mwaka 2023. Kaya iliyonunua jiko la gesi mwaka 2020 ikiamini bei ingetulia ilijifunza kwamba sera ya bajeti inaweza kumrudisha mtu kwenye jiko la udongo.

Hata nchi tajiri zimekutana na kitendawili hicho hicho. Ulaya, ambako gharama kubwa ya nyumba ni kupasha joto vyumba wakati wa baridi, tegemeo limewekwa kwenye pampu ya joto. Mashine hiyo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchota joto kutoka hewa ya nje na kulisukuma ndani, na kwa uniti moja ya umeme huweza kutoa joto la uniti 3. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, ziliuzwa pampu takriban milioni 3 barani humo. Mwaka uliofuata mauzo yalishuka, baada ya bei ya gesi kutulia na baadhi ya nchi kubadili ruzuku zao.

Funzo ni kwamba Mjerumani na Mnyamwezi hawatofautiani mbele ya bei. Wote hupenda chombo kinachookoa fedha mwezi kwa mwezi, na wote hurudi nyuma wanapoona bei ya kukinunua. Kwa Tabora, pampu ya joto inaweza kuwa na maana kwa hoteli, hospitali na mabweni yanayochemsha maji mengi kila siku. Kwa nyumba ya kawaida, jua la magharibi linaweza kufanya kazi hiyo kwa pipa jeusi juu ya paa.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Ipo hesabu nyingine ambayo mizani ya duka haiwezi kuipima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania, Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka. Wanaovuta moshi huo zaidi ni wanawake na watoto wanaokaa nao. Katika baridi ya Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Gesi ya sumu isiyo na harufu huwakuta usingizini.

Muda nao ni fedha. Mama lishe anayewasha mkaa saa 10 alfajiri ili chai iive saa 12 anapoteza saa ambazo hakuna anayemlipa. Mwanafunzi anayepuliza moto kabla ya shule anachelewa namba.

Shule zenyewe zimo katika mtihani huu. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile zenye watu zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Tabora ni mji wa shule kongwe za bweni, ikiwamo ile aliyosoma Mwalimu Nyerere. Shule inayobadili jiko bila kuongezewa bajeti ya nishati itatafuta fedha hizo mahali pengine, na mahali pa karibu zaidi ni mfukoni mwa mzazi. Ni vyema jambo hilo likawekwa wazi mapema, badala ya kulisikia kwenye orodha ya michango.

Wapi pa kuanzia

Kaya isiyo na akiba inaweza kuanza na jiko lililoboreshwa. Kwa kaya inayochoma kilo 60 kwa mwezi, kupunguza mkaa kwa nusu ni kubakiza kilo 30 za fedha mfukoni, na bei ya jiko hilo hurudi upesi. Kuloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria hakugharimu kitu. Kikapu chenye matambara au pumba cha kuivishia, ambacho sufuria iliyochemka huhifadhiwa ndani yake, humaliza wali na nyama bila moto wa ziada.

Mwenye mita yake ya D1 ana bahati ambayo pengine hajaitambua. Atazame ametumia uniti ngapi kwa miezi mitatu. Kama zipo chini ya 45, jiko la presha la umeme linaweza kuingia bila kuvunja mstari wa 75. Asinunue koili. Mwenye T1 au mpangaji wa mita ya pamoja alinganishe kwanza gesi na mkaa kwa bei ya mtaani kwake, kisha aamue.

Kwa Serikali, kazi ni kugeuza fedha ya mkupuo kuwa fedha ya kila siku. Mkaa umeshinda kwa miaka mingi kwa sababu unauzwa kwa kopo. Dar es Salaam na Nairobi zimeona gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Mji wa Tabora, wenye watu wanaoishi kwa kipato hicho hicho cha siku, unaihitaji vilevile. Mkopo wa jiko la presha unaokatwa kwenye LUKU ungefanya kazi ile ile. Na mstari wa uniti 75, uliowekwa wakati umeme wa maskini ulimaanisha taa na redio, unapaswa kutazamwa upya endapo taifa linataka maskini huyo apikie umeme.

Mwaka 2034 hauko mbali. Ahadi zimetolewa, mkakati umeandikwa na maji yanazungusha mitambo Rufiji. Lakini asilimia 80 itahesabiwa sufuria kwa sufuria, katika nyumba ambako mtu ana shilingi chache asubuhi na anatakiwa kuamua azipeleke wapi. Mpaka pale chaguo lililo bora litakapouzwa kwa kiasi kinachotosha shilingi hizo, atazipeleka kwa muuza mkaa.